Farrokh wa Unguja: Sauti iliyorudi disko baada ya mauti

Mwezi Agosti mwaka 1993, wimbo ulioshika nambari moja katika chati ya Uingereza kwa wiki mbili uliimbwa na mtu aliyekuwa kaburini, tuseme hivyo ingawa hakuzikwa, kwa karibu miaka miwili. Mdundo ulikuwa mpya, wa madisko ya Ulaya ya wakati ule, ngoma kubwa ikigonga moja, mbili, tatu, nne bila kupumzika. Sauti ilikuwa ya zamani. Na mwenye sauti alizaliwa Unguja, safari fupi ya jahazi kutoka hapa kwetu kama pepo ni za kaskazi.

Huyo ni Freddie Mercury. Wengi wetu tunamjua kwa filamu ya mwaka 2018, na kwa zile nyimbo zinazoimbwa viwanjani timu ikishachukua kombe. Akitajwa, watu huona gitaa, masharubu na umati wa Wembley. Mimi leo nataka kumfuata Freddie mwingine ambaye hatajwi sana: yule wa disko, aliyeacha gitaa akaenda kwa mashine za midundo, akachekwa, kisha akafa kabla hajaona kwamba ule mlango aliougonga ungefunguka. Maana siku hizi kila wiki inatoka rimiksi mpya ya wimbo wa zamani, vijana wanaicheza kwenye matatu na harusini, na wachache wanajiuliza yule mwenye sauti alitaka nini.

Jina alilopewa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, babake Bomi, mamake Jer. Walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta waliotoka Gujarat. Mzee Bomi alikuwa keshia katika kazi ya serikali ya Mwingereza. Mwaka 1952 akazaliwa dada yake, Kashmira. Unguja ya siku hizo ilikuwa na watu wa kila namna ndani ya mitaa ile myembamba, na Waparsi walikuwa wachache lakini wenye hekalu lao na heshima yao.

Alipofika miaka minane wazazi walimpakia meli kwenda Bara Hindi, shule ya bweni ya St. Peter's, huko Panchgani, mji wa milimani si mbali sana na Bombay. Hapa nina neno la pembeni. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay hiyo hiyo, akaimba Kiswahili ndani ya mashine za kurekodi, na santuri zake zikarudi kuuzwa pwani nzima. Siti alifariki mwaka 1950, Farrokh akiwa mtoto wa miaka mitatu, wote wawili katika mji mmoja. Simaanishi kwamba walijuana. Ninachosema ni kwamba njia ya bahari kati ya Unguja na Bombay ilikuwa njia ya muziki kabla ya huyu kijana kuipita.

Panchgani ndiko alikojifunza piano, na ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Mwaka 1958 yeye na wanafunzi wenzake wakaanzisha bendi ya shule, The Hectics, wakipiga roki ya Marekani waliyoisikia redioni. Yeye alikuwa kwenye piano. Kisha akarudi Unguja, na hakukaa sana. Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Familia ya Bulsara, kama familia nyingi za Kihindi na Kiarabu, ikaondoka. Wakafikia Feltham, kitongoji cha pembeni ya London. Kijana alikuwa na miaka 17.

Miaka iliyofuata naipita haraka kwa sababu imeshaandikwa mno. Alisoma sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Aliuza nguo soko la Kensington pamoja na Roger Taylor, mpiga ngoma. Mwaka 1970 akaungana na Taylor na Brian May wa gitaa, wakajiita Queen, na mwaka uliofuata akaja John Deacon wa besi. Farrokh Bulsara akawa Freddie Mercury. Mwaka 1975 wakatoa Bohemian Rhapsody, uliokaa nambari moja Uingereza kwa wiki tisa, na ndani yake kuna neno moja ambalo sisi hatuanzi kula bila ya kulitamka. Asiyelisikia airudie kusikiliza.

Sasa tuingie kwenye mashine. Katika miaka yote ya sabini, Queen walikuwa na jambo la kujivunia: kwenye majalada ya albamu zao waliandika wazi kwamba hawakutumia sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti zake chenyewe. Kila kilichosikika kilitoka kwenye gitaa, piano, ngoma na koo. Mashabiki wao waliligeuza jambo hili kuwa kama imani. Muziki wa kweli ni wa mikono. Mashine ni udanganyifu. Sisi tunayajua mabishano haya. Taarabu ilipoanza kupigwa kwa kinanda cha umeme na ngoma ya mashine, wazee wangapi walisema udi na ganuni vimezikwa vikiwa hai?

Mwaka 1980, kwenye albamu ya The Game, Queen walilivunja agizo lao wenyewe. Walikuwa wakirekodi Munich, Ujerumani, katika studio ya Musicland. Studio hiyo ilianzishwa na Giorgio Moroder, Mwitaliano ambaye mwaka 1977 alimtengenezea Donna Summer wimbo I Feel Love, karibu wote kwa mashine. Ukitaka kujua mizizi ya hii tunayoiita elektropop leo, mzizi mmoja mnene umepita hapo. Watu wakausikia wakajua kwamba mdundo unaweza kutoka kwenye waya na bado ukatingisha kiuno.

Katika albamu hiyo ndimo umo Another One Bites the Dust. Aliutunga Deacon, yule mkimya wa besi, baada ya kukaa studio na kundi la Chic la New York, mabingwa wa disko. Besi inatembea peke yake kama mtu anayepita uchochoroni usiku, na Freddie anaimba kwa ukali mpaka mwisho wa pumzi. Redio za Waamerika weusi ziliushika wimbo huu, baadhi ya wasikilizaji wakidhani ni bendi ya watu weusi. Oktoba 1980 ukawa nambari moja Marekani kwa wiki tatu. Bendi ya roki ya Kiingereza, mwimbaji Mparsi wa Unguja, mdundo wa watu weusi wa New York, studio ya Mwitaliano nchini Ujerumani. Mtu akikuambia muziki una kabila moja, mwekee wimbo huu.

Freddie alilipenda lile soko jipya kuliko wenzake wote pengine isipokuwa Deacon. Munich ilimpa pia kitu kingine, vilabu vya usiku ambako hakulazimika kujificha. Alikuwa mtu aliyependa wanaume. Alikuwa pia na Mary Austin, aliyekuwa mchumba wake na akabaki rafiki mkubwa wa maisha yake yote. Haya yanajulikana, na anayeandika maisha yake akiyaruka huwa anaandika maisha ya mtu mwingine. Nayataja hapa kwa sababu disko lenyewe lilikulia katika vilabu vya watu wa namna hiyo, weusi, Walatino na mashoga wa New York, na Freddie hakulifuata kwa ajili ya mauzo tu.

Mei 1982 ikatoka Hot Space. Nusu ya albamu ni ya kucheza: sintesaiza, mashine za ngoma, besi ya kinanda, gitaa la May limesukumwa kando. Mashabiki wa roki walikasirika. Huko Marekani hasira hiyo ilikuwa na historia. Julai 1979, katika uwanja wa besiboli mjini Chicago, watu walikusanya santuri za disko wakazilipua kwa baruti mbele ya maelfu, kisha wakavamia uwanja. Walisema ni mzaha. Ukitazama ni santuri za nani zilizokuwa zikilipuliwa, mzaha huo unapoteza utamu. Miaka mitatu baadaye Queen wanaleta albamu ya disko kwa watu wale wale. Safari yao ya Marekani ya mwaka 1982 ikawa ya mwisho huko pamoja na Freddie.

Nakiri kwamba Hot Space si albamu nzuri yote. Kuna nyimbo mle zilizotoka jikoni kabla hazijaiva. Lakini kosa lake halikuwa mashine. Waliokuwa na haraka ya kuicheka walicheka kitu ambacho ndani ya miaka michache kila mtu alikuwa anakifanya.

Mwaka 1984 Moroder mwenyewe alimwita Freddie. Alikuwa anaitengeneza upya filamu ya kimya ya Kijerumani ya mwaka 1927, Metropolis, kwa kuitia rangi na muziki wa kisasa. Matokeo yake ni Love Kills, wimbo wa kwanza Freddie kuutoa peke yake kwa jina hilo la Mercury. Ulifika nambari kumi Uingereza. Usikilize leo uniambie kama hausikiki kama kitu kilichotoka mwezi uliopita: mashine inazunguka kama cherehani, na juu yake sauti kubwa ya mtu aliyeumia. Hao vijana wa Ulaya wanaotengeneza disko jipya sasa hivi, wengi wanachimba katika kisima hiki hiki.

Mwaka huo huo, Oktoba, Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini, wakati wasanii wa dunia walikuwa wameombwa kususia utawala wa makaburu. Wakalaumiwa, na jina lao likaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa. Mwafrika hawezi kuliruka hilo, hata kama anaupenda wimbo. Mtoto wa Unguja alipaswa kujua zaidi.

Aprili 1985 akatoa albamu yake mwenyewe, Mr. Bad Guy, iliyorekodiwa Munich. Ni albamu ya mtu aliyeamua kuacha gitaa nyumbani. Na humo umo wimbo Living on My Own, unaohusu upweke, mtu mwenye kila kitu na hana wa kukaa naye jioni. Katikati anaacha maneno kabisa, anaanza kutoa milio ya koo, anapanda na kushuka kama mpiga tarumbeta wa jazi. Wimbo ulitoka kama singo mwezi Septemba. Picha zake za video zilipigwa kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 39, mjini Munich, watu wamevaa nyeusi na nyeupe, kelele na vicheko kila upande. Huo ndio ulikuwa wimbo wa upweke. Ulifika nambari 50 Uingereza ukaishia hapo. Miezi miwili nyuma, tarehe 13 Julai, mtu huyu alikuwa ameushika uwanja wote wa Wembley mkononi kwa dakika 20 hivi katika Live Aid. Watu walimtaka yule wa Wembley. Huyu wa disko hawakumtaka.

Baada ya hapo alirudi kwa wenzake, akaimba pia na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Uhispania, na maradhi yakamshika. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana Ukimwi. Siku ya pili yake, jioni, akafariki nyumbani kwake Kensington. Alikuwa na miaka 45. Waliomsomea walikuwa makuhani wa Zoroasta, kwa lugha ya dini ya babake. Mwili ulichomwa, na yalipowekwa majivu ni siri ya Mary Austin. Wenzake walifanya tamasha kubwa Wembley mwezi Aprili 1992, na kutokana nalo ukaundwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao mpaka leo husaidia miradi ya kupambana na Ukimwi katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo.

Ndipo wakaja Wabelgiji. Kikundi cha watengenezaji muziki kilichoitwa No More Brothers kiliuchukua Living on My Own. Kwa asiyejua kazi hii inavyokwenda: studio inaporekodi, kila chombo huwekwa katika njia yake kwenye ukanda. Ngoma kwake, besi kwake, sauti kwake. Mtengeneza rimiksi huitoa sauti ikiwa uchi, akatupa vyote vingine, kisha akaijengea nyumba nyingine. Hawa walijenga nyumba ya mwaka 1993. Na kile walichokitoa mbele kabisa ni zile sauti za koo zisizo na maneno, zilizokuwa pambo katikati ya wimbo. Wao wakazifanya mlango wa kuingilia. Video ikatumia picha zile zile za sherehe ya Munich. Ikawa nambari moja Uingereza, Ufaransa na kwingineko. Freddie hakuwahi kufika nambari moja Uingereza peke yake alipokuwa hai.

Sisi wa pwani tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatia maneno ya Kiswahili, na hakuna Mmombasa aliyesema huo ni wizi. Tulisema huu ni wimbo wa Bhalo. Alishika mahadhi akabadilisha maneno na sauti. Wabelgiji walishika sauti na maneno wakabadilisha mahadhi. Tofauti kubwa ni moja: Bhalo alikuwa hai, na chaguo lilikuwa lake. Freddie hakuulizwa.

Hapo ndipo penye uzito. Kuna wanaosema kumvisha maiti nguo mpya na kumcheza ukumbini ni utovu wa adabu. Nimelisikia hilo kwa watu ninaowaheshimu, tena si kuhusu huyu tu. Limesemwa hata kuhusu vijana wanaochukua sauti za waimbaji wetu wa zamani wakazitia ngoma za kompyuta. Na mara nyingi wana haki. Rimiksi nyingi ni za kuchuma: jina la marehemu linauza, sauti inakatwakatwa mpaka maana yake inapotea. Familia hailipwi, au inalipwa peremende.

Lakini wimbo huu mmoja mimi nautetea. Freddie alikuwa ameshaipeleka sauti yake disko miaka minane kabla, kwa miguu yake mwenyewe, na kwa hasara. Yeye ndiye aliyeuweka upweke juu ya mdundo wa kucheza. Yeye ndiye aliyeita sherehe kupiga picha za wimbo wa mtu asiye na mtu. Wabelgiji hawakuigeuza huzuni kuwa furaha. Walizidisha kasi tu, na huzuni imebaki mle mle. Ukicheza ukumbini huisikii. Ukirudi nyumbani usiku ukiwa peke yako, unaisikia. Huo ndio mtihani wangu wa rimiksi yoyote: je, yule marehemu alikuwa anaelekea huko? Ile ya mwaka 1998 ambayo Wyclef Jean aliutia Another One Bites the Dust hip hop, sawa, wimbo ule tangu mwanzo ulikuwa umekaa mtaani. Nyingine nyingi zinazopita siku hizi, sioni njia iliyozifikisha.

Na Unguja je? Mwaka 2006, palipopangwa sherehe ya kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake katika Mji Mkongwe, wapo Waislamu waliopinga, wakisema maisha yake si ya kusherehekewa katika kisiwa chao. Wengine, wenye mikahawa na waongoza watalii, walimwona ni riziki. Wote wawili, naona, walikuwa wakigombania picha. Novemba 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yake Shangani, na wageni wanaingia kutazama picha za mtoto Farrokh. Wapwani wachache niliowauliza wanamtaja kwa jina la Freddie, kisha wanaongeza kwamba alikuwa Muhindi, kana kwamba hilo linamtoa Unguja. Mtu aliyezaliwa pale, aliyefukuzwa na historia ya pale akiwa na miaka 17, simuoni akiwa wa mahali pengine zaidi.

Mama yake, Jer, aliishi mpaka Novemba 2016. Alikuwapo wakati sauti ya mwanawe inarudi kwenye madisko, na alikuwapo mwaka 2014 ulipotolewa wimbo alioimba na Michael Jackson, ukiwa umetengenezwa upya na William Orbit, fundi wa muziki wa mashine.

Mwaka 2019 kukatolewa kitu cha kinyume. Dave Clark, aliyerekodi na Freddie wimbo Time mwaka 1986 kwa ajili ya onyesho la jukwaani, alizitafuta kanda za zamani, akaondoa waitikiaji, akaondoa ngoma, akaondoa vinanda vyote vilivyorundikwa. Akabakisha sauti na piano moja.